Jina Langu Katika Kitabu cha Bodi

Talaso mwanangu,

Salaam aleikum. Mambo ya sabuni, ya kuswali kwa wakati na ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua mama yako ameshakwambia, tena mara nne kwa hesabu yangu, kwa hiyo mimi sitaongeza ya tano. Niko dukani. Nimefunga mlango wa mbele ili watu wadhani nimekwenda msikitini, na nimeacha dirisha la nyuma wazi nipate mwanga. Wewe umekwenda kuwaaga shangazi zako. Nataka nimalize kabla ya saa ya kutotoka nje, maana nikiondoka hapa na barua nusu sitaimaliza kamwe. Najijua.

Ijumaa iliyopita barua yako ya kazi kutoka kampuni ya nyama ilipofika, uliisoma ukiwa umesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni. Ukasema, "Aba, nitakuwa naandika kumbukumbu ya mikutano ya bodi! Hata kile kitabu ya zamani itakuwa kwa kabati yangu. Nitatafuta pale ulipigania watu wetu." Mama yako alikuwa anapima majani ya chai kwa lile kopo lake la bati lenye picha ya fahali. Akacheka, na unajua siku hizi anacheka mara ngapi. Akasema, "Soma yote, halafu uje uniambie. Mimi nataka kujua huyu mzee alisema nini huko ndani." Mimi nikatoka nje nikajifanya namwangalia mbuzi.

Mahali hapo hutapapata, mwanangu. Hapapo. Utakuta jina langu limepigwa taipu vizuri kati ya waliohudhuria. Utakuta azimio la kufunga kituo cha kununulia ng'ombe hapa Isiolo. Na chini yake utakuta kwamba wajumbe wote walikubaliana. Sikutaka ulikute hilo peke yako ofisini, watu wakipita nyuma ya kiti chako.

Wacha nianze mbali kidogo. Uhuru ulipokuja, ile kampuni ya nyama ya makopo, ambayo tangu zamani ilikuwa ya wenye mashamba makubwa, iliona haya kuwa na meza ya wazungu watupu. Wakamtafuta mwalimu mmoja Mwafrika, kisha wakatafuta mtu wa kaskazini anayejua ng'ombe na Kiingereza. Mimi nilikuwa nimewauzia ng'ombe miaka mingi, na kuwatafsiria wanunuzi wao mnadani. Nikaitwa. Mji mzima ukajua. Fundi Mhindi akanishonea koti la kijivu, nawe ndiye uliyekuwa ukilipiga pasi ya makaa. Siku moja uliliunguza kidogo kwenye mkono, nikakufokea mpaka ukalia. Kwa sababu ya koti. Nisamehe kwa hilo pia, ingawa ndilo dogo kuliko yote nitakayokuandikia.

Hapa mjini walidhani nimekuwa mkubwa wa kiwanda. Kuna mzee alikuja kuniomba nimpunguzie bei ya nyama kwa bucha yake. Lakini bodi haichinji ng'ombe, Talaso, wala haifungi kopo. Meneja ndiye anayefanya kazi, na yeye ndiye anayejua lori limekwama wapi na nyama imeoza wapi. Bodi hukutana mara nne kwa mwaka, watu saba kuzunguka meza, na kazi yake kubwa ni kumwuliza huyo meneja. Kwa nini unataka kufanya hivi? Nani ataumia? Kuna njia nyingine umeiangalia? Kisha inaamua kampuni ielekee wapi, na ikishaamua, watu ambao hawajawahi kuiona meza hiyo wanakula au wanalala njaa. Karatasi huletwa kwa bahasha wiki nzima kabla, ili mtu asome na kuja na maswali yake. Zangu nilizisoma juu juu. Nilidhani nimeitwa niheshimiwe. Viti vyenyewe vilikuwa vya ngozi, kwa hiyo nilikaa juu ya ng'ombe nikisikiliza habari za ng'ombe, nikaona nimefika.

Halafu vita vya serikali na waasi wa shifta vikatufikia. Hayo uliyaona kwa macho yako, sina haja ya kukueleza habari ya vizuizi barabarani, na watu waliokusanywa ndani ya uzio, na mifugo iliyokatazwa kwenda kwenye nyasi. Mjomba wako Guyo, kaka wa pekee wa mama yako, alikuwa bado na kundi lake kule Sericho. Akanitumia salamu kwa mdomo wa dereva wa lori: "Mwambie shemeji ng'ombe yetu inaisha. Kampuni itanunua ama haitanunua?"

Nami nikamjibu kwa dereva yule yule, nikiwa nimesimama hapa hapa mlangoni watu wakinisikia: "Mwambie alete. Mimi nakaa kwa ile meza."

Hakuna aliyenilazimisha kusema maneno hayo. Niliyasema kwa sababu yalikuwa matamu mdomoni. Guyo akatafuta kibali, akakusanya ng'ombe wake na wa majirani zake, wakatembea siku tisa. Ng'ombe waliofika walifika mifupa inaonekana, wakawekwa kwenye uwanja wa kusubiria nje ya mji, mahali ambapo malori ya kampuni yalikuwa yakija kuwachukua. Guyo na wenzake uliwapelekea chai wewe mwenyewe, unakumbuka, naye akakutania kwamba umekuwa mrefu kuliko mchumba yeyote atakayepatikana.

Wiki iliyofuata nikavaa koti, nikaenda Nairobi kwenye mkutano. Meneja akasoma taarifa yake. Barabara za kaskazini si salama, lori moja limechomwa, madereva wanaogopa. Akapendekeza kituo cha Isiolo kifungwe na ng'ombe wanunuliwe kwenye mashamba ya nyanda za juu tu. Mbele yangu alikaa mjumbe mmoja mwenye shamba upande wa Nanyuki. Huyo ndiye angewauzia hao ng'ombe wa badala. Alitikisa kichwa kukubali kabla meneja hajamaliza sentensi, na hakuna aliyemwuliza kama anafaa kuwa na kauli katika jambo hilo. Mimi nilikuwa wa kuuliza, na sikuuliza. Mwenyekiti akatazama huku na huku, akasema, "Kuna mwenye pingamizi?"

Hapa ndipo watu watakuambia kwamba baba yako hakujua Kiingereza. Nilielewa kila neno. Nilichokosea ni kitu kingine. Wewe umekulia mjini, lakini umewaona wazee wetu wakikaa barazani. Neno likiletwa na mzee mmoja akaliona baya, hapigi kelele. Ananyamaza na kuitazama fimbo yake. Na kikao hakiwezi kufungwa, kwa sababu dua ya kufunga lazima kila mtu aiitikie, na yeye haitikii. Watamrudia, watamwuliza, watamsihi hata siku tatu, mpaka aseme kinachomkera. Kwetu mtu akinyamaza hivyo, ameweka mkono wake kifuani pa watu wote.

Basi nikawanyamazia. Nikaweka mikono juu ya meza, nikamkazia macho mwenyekiti, nikanyamaza kwa nguvu zangu zote. Nilitoka jasho, Talaso. Akasema, "Vizuri, hakuna pingamizi," akageuza karatasi, wakaendelea na habari za bati la kutengenezea makopo. Nikajua wataliacha lile neno lilale, watalirudia kikao kijacho, waniulize. Nikarudi nyumbani nimejaa furaha.

Guyo alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya uwanja. Nikamwambia, "Neno halijafungwa. Nimelizuia."

"Umezuia kabisa?"

"Kabisa. Nyinyi ngojeni tu, lori itakuja."

Wakangoja. Nyasi za mahali waliporuhusiwa zilikuwa zimeisha tangu siku ya kwanza, ng'ombe wakawa wanatafuna magome ya miti na majani makavu yaliyoanguka. Kila asubuhi wenye ng'ombe walivuta mizoga mingine miwili, mitatu, wakailaza pembeni. Guyo alikuwa akiokota makopo matupu nyuma ya kambi ya askari, anayasugua kwa mchanga, anayatumia kuchotea maji. Moja akamletea dada yake. Ndilo hilo kopo la chai lenye fahali. Ni la kampuni yetu, na nyama iliyokuwa ndani ililiwa na askari waliokuwa wakilinda njia ili ng'ombe wa Guyo wasivuke. Mama yako hajui kusoma maandishi yake, nami sijawahi kumsomea.

Miezi mitatu ikapita, bodi ikaitwa tena. Kila mkutano huanza kwa kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, wewe hilo utalijua kuliko mimi. Karani akasoma: kituo cha Isiolo kufungwa, wajumbe wote wamekubaliana. Nikaelewa papo hapo nilichokuwa nimekifanya. Nikajua kwamba kule kunyamaza kwangu kote, na lile jasho langu lote, wao waliliona kama mzee mmoja aliyeridhika.

Ningeweza kuishia hapo nikakuambia nilikosea kwa sababu ya mila zetu. Kwa miaka miwili hivyo ndivyo nimekuwa nikijiambia. Lakini mwenyekiti aliuliza, "Kumbukumbu hizi ni sahihi?" na sasa nilijua vizuri kabisa kunyamaza kwao kuna maana gani. Nilikuwa na swali tayari, nimelifanyia mazoezi njia nzima tangu Nanyuki: na ng'ombe walioko uwanjani je? Nikavuta pumzi. Hapo hapo yule mwenye shamba akacheka kidogo, akasema siku hizi nani ajuaye kama bei ya ng'ombe wa kaskazini hailishi shifta. Wakacheka wawili watatu. Hakuna aliyenitazama, nami nikahisi wote wananitazama. Nikafikiria kibali changu cha kusafiri kilichokuwa mfukoni. Nikafikiria duka. Na nisikufiche, nikafikiria kiti, na jinsi watu wanavyonipisha njia sokoni. Mwenyekiti akatuuliza mmoja mmoja, akafika kwangu. "Na wewe, Bwana Galgalo?"

Nikasema, "Ni sahihi."

Baadaye nikamfuata meneja kwenye korido, nikamwambia polepole kwamba kuna ng'ombe Isiolo walioletwa kabla ya azimio, na wanakufa. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama, akavua miwani. "Mzee, kwa nini hukusema? Bodi ikiniambia nichukue walio njiani kabla sijafunga, natuma malori kesho. Lakini mimi siwezi kupitisha kitu hapa kwa korido. Rudi ndani uwaambie, bado wanakunywa chai." Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona mwenyekiti akichovya biskuti. Nikachukua kofia yangu nikaenda zangu kutafuta gari la kurudi.

Nilipofika, Guyo alikuwa nyumbani kwetu. Mama yako alisimama nyuma ya pazia la jikoni.

"Wamekataa," nikamwambia. "Nimepigana na wao, wamekataa."

Guyo akanipa mkono. "Basi shemeji, umefanya yako. Mungu akulipe."

Alfajiri hakuwepo, na ng'ombe wachache waliobaki hawakuwepo. Aliwaswaga kuelekea Leparua, ambako kila mtu alijua kuna nyasi na kila mtu alijua kumekatazwa. Siku mbili baadaye watu wakaja kutuita tukauchukue mwili wake. Hatukuambiwa ni risasi ya nani, na siku zile ukiuliza sana unageuka wewe ndiye wa kuulizwa. Nilimzika shemeji yangu, nikamwaga mchanga kwa mkono huu ninaoandikia.

Kile alichosikia mama yako nyuma ya pazia ndicho alichowaambia wanawake matangani. Mume wangu aliwapigania. Alikwenda mpaka Nairobi akawapigania, wakakataa. Ndivyo alivyokuambia wewe, ndivyo anavyomwambia kila mgeni, na kila akisema mimi hutazama kikombe changu. Muda wangu kwenye bodi ulipokwisha wakanizawadia saa ya mezani. Mama yako anaifuta vumbi kila Ijumaa. Mzigo wenyewe ndio huo, mwanangu. Guyo nimemlilia, na huenda ningezoea. Sifa za mama yako sijazizoea.

Usije ukaichukia kampuni kwa sababu yangu. Sikuona shetani kwenye meza ile. Mwenyekiti alikuwa mpole, kila mara aliniuliza hali ya mama yako kwa jina. Walikuwa watu walioshiba, waliotaka kumaliza mapema, na mmoja aliyetaka kuuza ng'ombe wake. Hilo lilitosha. Mtu mmoja angeuliza swali moja, pengine wangelijadili, pengine wangetuma malori. Pengine wangenicheka na kunifukuza, na Guyo angekufa vilevile. Sijui, na sitajua, na hilo ndilo linaloniamsha.

Wewe hutakuwa na kiti pale. Utakaa kando na daftari lako, na huenda miezi ipite kabla mtu hajakuuliza jina. Lakini wao watasema yao, watakunywa chai na kwenda makwao, na kitakachobaki kabatini ni ulichoandika wewe. Ninachokuomba ni kidogo. Ukifika mahali pa kuandika "wote", inua kichwa kwanza uwatazame. Akiwepo ambaye hakufungua mdomo, hasa akiwa mgeni, hasa akiwa na koti jipya, mwulize mwenyekiti uandike nini juu yake. Sema kwa adabu, kama unavyojua. Watakuona msumbufu. Pengine watakurudisha nyumbani, na wale wazee wa msikitini walioniuliza kama nimerogwa kumpeleka binti Nairobi watapata la kusema. Rudi tu. Nitakuja kukupokea mwenyewe, na nitabeba sanduku lako katikati ya mji watu wakiona.

Na ukifika kwenye ukurasa wangu, usiuchane. Nakujua una mkono mwepesi kwa mtu unayempenda. Uache ulivyo.

Nilitaka kukuomba jambo jingine, nikalifuta. Nilitaka umsomee mama yako barua hii, kwa sababu wewe ndiye unayemsomea barua zote, na kwako angelia bila kunitazama mimi. Nililiandika kabisa, kisha nikaona nafanya yale yale. Nikamtuma Guyo kwenye nyasi, nikataka meneja anisemee kwa mwenyekiti, sasa namtuma mtoto kwa mama yake.

Kwa hiyo nimeweka masharti na nafsi yangu. Bahasha hii nitaitia mfukoni mwa koti, na haitatoka humo mpaka nimemwambia mama yako Darmi mwenyewe, uso kwa uso, nikitumia maneno haya haya. Nikishindwa, nitaichoma jikoni, nawe utakwenda Nairobi ukilitafuta lile pigano langu mpaka ulikose. Ikiwa unaisoma, basi nimesema, na mama yako anajua.

Msafara wa malori unaondoka saa moja asubuhi. Sijui atasimama wapi wakati mnaondoka, kando yangu au upande wa pili wa barabara. Ukiyasoma haya, wewe utakuwa umeona.

Baba yako,
Galgalo